Gololi ya Tisa

Jua lilipoanza kuchungulia juu ya mashamba ya pamba ya Lalago, Minza alikuwa tayari njiani akitoka kisimani. Nyuma ya baiskeli yake yalining'inia madumu mawili ya maji, moja kila upande, na katikati yake, juu ya kariea, aliketi mdogo wake Kija akiwa ameng'ang'ania kamba. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya baba yao, ile ya chuma kizito, iliyokwisha kubanduka rangi. Ilikuwa imebeba mahindi, magunia ya pamba, mbuzi na hata mgonjwa mmoja hadi zahanati. Sasa gurudumu lake la nyuma lilikuwa limeanza kulia.

"Krrr-kwa! Krrr-kwa!"

"Minza!" aliita jirani aliyekuwa akifagia uwanja. "Siku hizi hatungoji jogoo. Baiskeli yako inatuamsha!"

Minza alicheka akaendelea kukanyaga pedeli. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na hakuna kitu alichokipenda duniani kama kuendesha baiskeli.

Asubuhi hiyo, mbele ya wanafunzi wote, Mwalimu Flora alitoa tangazo lililofanya mstari mzima uyumbe kwa furaha. Jumamosi yangefanyika mashindano ya baiskeli kwa wasichana. Wangeanzia mnadani, waende hadi darajani na kurudi. Kila mmoja angetumia baiskeli ya nyumbani kwao.

"Wawili watakaotangulia," Mwalimu alisema, akingoja kelele zipungue, "watakwenda kutuwakilisha Bariadi!"

Minza aliruka juu hadi kiatu kikamvuka. Rafiki yake Gloria, aliyekuwa na mbio kuliko wasichana wote wa darasa lao, alimgonga kwa kiwiko.

"Utakuja na ile mashine yako ya kusaga?" Gloria alimtania.

"Nitakuja nayo, na vumbi langu utalila wewe!" Minza alijibu, na wote wawili wakaangua kicheko.

Lakini jioni, alipokuwa akirudi nyumbani, gurudumu la nyuma lilikwama ghafla. Nusura Minza aangukie miibani. Aliisukuma baiskeli hadi uwanjani kwao, ambako baba yake, Mabula, alilinyanyua gurudumu na kulitikisa kushoto na kulia. Likacheza kama jino bovu.

"Habu imekufa," alisema Mabula. "Hii inataka mpya. Tukishauza pamba nitanunua."

"Lakini baba, mashindano ni Jumamosi!"

"Nimesikia, mwanangu. Ila pamba bado iko shambani, na soko halijafunguliwa. Nifanyeje?"

Minza alisimama pale akiitazama habu, kile kitovu cha gurudumu ambapo njiti zote huanzia. Kisha wazo likamjia kama radi. Aliishika baiskeli kwa usukani, akaisukuma mbio kuelekea kwa shangazi yake.

Shangazi Ng'washi, ambaye Minza alimwita Sengi kama watoto wote wa Kisukuma wanavyowaita dada za baba zao, alikuwa mwanamke mrefu mwenye miguu mikakamavu. Alikuwa amewahi kushindana Bariadi katika mbio za wanawake, na baiskeli yake aliitengeneza mwenyewe. "Njiani porini hakuna fundi," alikuwa akisema. "Kuna wewe na spana yako."

Minza alimweleza yote kwa pumzi moja. Shangazi alilizungusha lile gurudumu, akaegemeza sikio karibu na habu, kisha macho yake yakang'aa.

"Nani kasema imekufa? Hii inaumwa tu! Mwili wake ni chuma cha zamani, kizito. Ukitupa hii ukanunua hizi nyepesi za siku hizi, mwakani utanunua tena. Leta ile spana. Tunafungua!"

Wakaipindua baiskeli, matairi juu. Shangazi alielekeza na Minza akafanya. Alilegeza nati, akavuta ekseli taratibu, na gololi ndogo za chuma zikamwagikia kwenye sahani ya bati pamoja na grisi nyeusi kama lami. Waliziosha kwa mafuta ya taa. Hapo ndipo ugonjwa ulipoonekana: gololi za upande wa kushoto zilikuwa zimelika na kumeguka, na kile kikombe cha chuma zinamozungukia kilikuwa na mashimo mashimo.

"Maji yaliingia, grisi ikaisha, na nyinyi mkaendelea kupakia madumu," alisema Shangazi. "Chuma nacho kinachoka. Lakini tazama upande wa kulia. Umekwaruzika?"

"Hapana, Sengi! Unang'aa!"

"Basi tunatibu upande mmoja."

Shangazi aliingia ndani akatoka na gurudumu la baiskeli yake ya zamani, limepinda kama kapu lililokaliwa. Habu yake ilikuwa na kikombe kimoja kizima. Minza alipitisha kipande cha nondo kwenye tundu la habu, akagonga pole pole kwa nyundo, huku na huku, jasho likimtiririka. Kikombe kikachomoka! Akafanya vivyo hivyo kwenye habu ya baba yake, kile kibovu nacho kikatoka. Kisha akakiweka kile kizima mahali pake, akakifunika kwa kipande cha ubao na kukigonga hadi kikakaa sawasawa. Alipopitisha kidole ndani na kukuta ni laini, alipiga yowe la furaha.

Kesho yake Shangazi alileta gololi mpya kutoka kwa fundi Mwandu pale senta. Zilikuwa tisa, na ndizo pekee fundi alizobakiwa nazo za ukubwa ule.

"Upande mmoja unabeba tisa," alisema. "Pakaa grisi, zipange. Mimi naenda kuingiza ng'ombe zizini. Na usichanganye na zile za zamani, umesikia? Gololi moja mbovu inakula zingine zote."

"Nimesikia, Sengi."

Minza alifanya kazi akiimba. Moja, mbili, tatu, zikajipanga kwenye grisi kama punje za mahindi kwenye gunzi. Alipofika ya mwisho, ikamteleza vidoleni. Ikaviringika uwanjani, ikimeremeta. Kabla hajainuka, kuku mwekundu wa Shangazi alikuja mbio, akadonoa mara moja, akanyoosha shingo na kumeza.

"We kuku!" Minza alipiga kelele, akamfukuza kuzunguka nyumba nzima. Kuku alirukia uani, akamwangalia kama asiyejua lolote.

Minza alirudi akihema. Jua lilikuwa linazama. Kengele za ng'ombe zilisikika zikikaribia. Sasa afanye nini? Akisema, Shangazi ataona hakuwa makini. Na fundi hana gololi nyingine. Na Jumamosi ni kesho! Macho yake yakaangukia sahani ya gololi za zamani. Akachagua iliyoonekana nzuri kidogo, yenye kipengo kidogo tu ubavuni. Akaifuta kwa kitambaa, akaichomeka kati ya zile mpya na kuifunika kwa grisi.

"Zote tisa zimeingia?" aliuliza Shangazi alipofika.

"Zote tisa, Sengi."

Hesabu ilikuwa ya kweli. Lakini Minza hakuweza kuinua uso.

Wakafunga ekseli. Shangazi akamwonyesha namna ya kukaza: usikaze sana, gurudumu likagoma, usilegeze sana, likacheza. Gurudumu likazunguka na kuzunguka, kimya. Minza alirudi nyumbani akiwa juu ya baiskeli, akipaa kama ndege. Furaha ilimjaa hadi akasahau yule kuku. Ila alipokaribia kwao, chini kabisa, akasikia sauti ndogo.

"Tik."

Baada ya kitambo, tena. "Tik."

Jumamosi mnadani palijaa watu. Wauza miwa walikuwepo, wazazi walikuwepo, ngoma ilikuwa ikipigwa, na wasichana walikuwa wakipanga baiskeli zao mstarini. Gloria alikuwa amefunga utepe mwekundu kwenye usukani wake. Shangazi Ng'washi alikuwa akizungukazunguka akiwaambia watu, "Mtazameni mtoto wa kaka yangu! Ile habu kaitengeneza kwa mikono yake mwenyewe!"

Kila aliposema hivyo, Minza alihisi kama amemeza yeye ile gololi. Aliisukuma baiskeli hatua chache. Tik. Akafikiria kile kikombe walichohangaika kukitoa na kukipachika. Akakumbuka maneno ya Shangazi: inakula zingine zote. Aliacha mstari, akaenda moja kwa moja hadi mbele ya shangazi yake.

"Sengi, nimekudanganya."

Akaeleza yote haraka haraka: gololi, kuku, ile ya zamani. Machozi yalimlengalenga. Kwa mbali Mwalimu Flora alikuwa akiita majina.

"Pindua baiskeli," hatimaye Shangazi alisema.

"Lakini wanaanza!"

"Basi usipoteze muda kulia. Spana hii hapa."

Mikono ya Minza ilifanya kazi kama iliyowashwa moto. Nati! Ekseli! Akaingiza kidole kwenye grisi, akaitafuta ile mbovu, akaitoa. Kile kipengo kilikuwa kimepanuka, na kingo zake zilikata kama wembe. Shangazi alifuta kikombe na kuchungulia ndani.

"Kuna mkwaruzo mwembamba kama unywele. Bado ni kizima. Ungekwenda nayo hadi darajani, tungezika habu leo."

"Sasa ya tisa tutaipata wapi?"

"Hatuitafuti. Acha nane."

"Nane? Na pengo je?"

"Nane nzima zitaachiana nafasi na zitabeba. Funga!"

Watu walikuwa wamewazunguka, wengine wakicheka, wengine wakihimiza, "Kaza, kaza!" Mwalimu Flora alikuwa ameinua kitambaa. Minza alikaza nati ya mwisho, akaigeuza baiskeli, akakimbia nayo hadi mwisho wa mstari. Hakuwa amekaa vizuri kitambaa kiliposhuka.

"Haya!"

Vumbi likatimka! Minza alikuwa wa nyuma kabisa. Alikanyaga, akakanyaga, akampita mmoja, akawapita wawili. Mashamba ya pamba yalikuwa yakikimbia pande zote mbili, na wanawake waliokuwa wakichuma walisimama wakapiga vigelegele. Chini yake habu ilizunguka laini, bila hata tik moja. Karibu na daraja kundi la ng'ombe lilikuwa likivuka barabara. Wasichana wengi walisimama. Minza aliona uwazi nyuma ya fahali mweupe, akajikunyata, akapenya!

Walipogeuka darajani, mbele yake alibaki Gloria peke yake. Utepe mwekundu ulikuwa ukipepea. Kilimani Minza alisimama juu ya pedeli, mapaja yakiwaka, kifua kikitaka kupasuka. Gloria aligeuza kichwa, akamkuta ubavuni kwake, akashtuka.

"Umetokea wapi? Sijakusikia!"

Minza alizidi kukanyaga. Wakashuka pamoja, gurudumu kwa gurudumu, kelele za mnadani zikiwapokea kama mvua. Wakati wa kuvuka mstari Gloria alisukuma mara moja zaidi, akatangulia kwa nusu ya gurudumu.

"Gloria wa kwanza! Minza wa pili! Wote Bariadi!" Mwalimu Flora alipaza sauti huku akirukaruka kama mwanafunzi.

Wale wasichana wawili walikumbatiana hadi wakaanguka chini pamoja na baiskeli zao, wakicheka na kukohoa vumbi. Mabula alikuja mbio, akamnyanyua binti yake, kisha akainama kulizungusha gurudumu la nyuma. Halikucheza hata kidogo.

"Habu mpya mmeipata wapi?" aliuliza kwa mshangao.

"Ni ile ile, baba," Minza alisema. Akavuta pumzi. Angeweza kuishia hapo, watu wakampigia makofi. Lakini akaendelea, mbele ya Gloria na Mwalimu Flora, akaeleza habari za kikombe, za kuku, na za ile gololi ya tisa aliyoificha. Gloria aliposikia habari za kuku alicheka hadi akajishika mbavu. Mabula hakucheka. Alimgeukia dada yake.

Shangazi Ng'washi alimshika Minza bega.

"Jana ningemkasirikia kuku, si wewe," alisema. "Gololi kuanguka si kosa, hata mimi zimeshaniponyoka nyingi. Ungeniambia, tungefunga nane na kulala usingizi. Sikilizeni nyote. Kitu kikipungua na watu wakajua, vilivyobaki hujipanga vikabeba. Lakini kibaya kikifichwa katikati ya vizima, huviharibu vyote, na grisi haikitibu. Uongo uko hivyo hivyo. Leo umeufungua mwenyewe, ukautoa kwa vidole vyako, tena saa ambayo ungeweza kukosa mbio. Hapo ndipo umenifurahisha, kuliko hata kushika nafasi ya pili."

"Wabeja, Sengi. Asante," alisema Minza kwa sauti ndogo.

"Mimi nina swali moja tu," Mabula alisema, sasa akitabasamu. "Kama habu ya nyuma ilikuwa hivyo, ya mbele je?"

Minza na Shangazi walitazamana. Gloria alikuwa tayari ameipindua baiskeli yake mwenyewe, matairi juu.

"Tuanze na yangu," alisema. "Nani ana spana?"