Bibi Harusi wa Lorokwe

Letuya, aliyeshika usukani nyuma ya boti, alikata kona ghafla katikati ya ziwa, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila maji mekundu, vilele vya migunga iliyokufa na paa la shule iliyozama.

“Kona ya nini, bwana, na ziwa zima liko wazi?” Lekesio alipiga kelele kutoka mbele.

“Hapo chini ni kwetu. Nipitishe injini juu ya kitanda cha mama? Tunapita langoni kama watu.”

Naisula, bibi harusi, aliyeketi katikati na shanga zake zote, alicheka mpaka shanga zikalia. Watu wa Lorokwe ndivyo walivyo. Ziwa Baringo lilipopanda lilimeza shule, zahanati na mifereji ya mashamba iliyochimbwa na mababu. Wazee walisema si mara ya kwanza. Babu zao nao walilikimbia, kisha likarudi nyuma nao wakarudi. Kijiji kizima kilihamia mlimani, lakini wakivuka kwa boti watu bado walifuata vichochoro vyao, wakizunguka nyumba za majirani kwa adabu.

Nguzo ya lango ilikuwa bado imesimama chini ya maji. Iliitoboa boti kama mkuki.

Boti iliruka, ikaanguka kwa ubavu, injini ikazima. Maji yalimfika Naisula vifundoni.

“Usigeuke!” Lekesio alifoka. “Hata iweje, shemeji, usigeuke!”

Bibi harusi akishatoka kwao hatazami nyuma mpaka afike kwa mume. Akitazama, watasema moyo ameuacha kwao, na ndoa imeharibika njiani. Lekesio alitumwa na Lemaiyan, bwana harusi, kumwongoza, na kazi yake aliifanya kama askari. Naisula naye alimtaka huyo Lemaiyan kweli kweli. Ndoa hii aliipigania nyumbani mpaka sauti ikamkauka. Akakaza shingo.

“Letuya?” aliita.

Nyuma yake mtu akakohoa maji.

Naisula akageuka.

Letuya alikuwa ametupwa nje, ananing'inia kwenye tawi la mgunga, miba imemchana mkono. Juu ya paa la shule mamba aliyekuwa anaota jua aliinua kichwa, akateleza majini bila haraka.

Naisula alivua shuka lake, akalirusha. “Shika!”

“Kiatu changu kimenasa—”

“Mwachie mamba kiatu!”

Alivuta mpaka mabega yakalia. Lekesio naye, huku akilaani, alimkamata kiunoni wakavuta pamoja. Letuya aliangukia ndani ya boti kama samaki, na meno ya mamba yakauma tawi tupu. Kwaa!

“Huyo amekosa pilau ya harusi,” alisema Letuya.

“Nyamaza, uchote maji!” Lekesio alimwamuru.

Tundu lilikuwa pana kama kiganja. Naisula alichana kipande cha shuka, akakifinyanga na mafuta ya kondoo kutoka kwenye kibuyu cha zawadi, akashindilia kwa kisigino.

“Hayo mafuta ni ya mama mkwe wako!” Lekesio aling'aka.

“Atatupata sisi badala yake. Leta sahani.”

Walitoa sahani mpya za bati zilizokuwa za zawadi, wakazishika mikononi wakapiga maji nazo kuisogeza boti, kama wavuvi wa visiwani wanavyofanya kwenye vyelezo vyao vidogo. Kiboko aliibuka karibu, akapumua kwa kelele. Wakaacha kupiga maji, wakampisha kama mzee njiani. Jua lilichoma. Vidole vilivimba. Letuya alianzisha wimbo wa harusi kwa sauti mbaya mno, Naisula akauitikia kwa kicheko, na Lekesio mwenyewe, aliyenuna tangu langoni, akajikuta anapiga maji kwa mdundo wa wimbo.

Vigelegele viliwapokea kisiwani Kokwa, kwa kina Lemaiyan, kabla boti haijagusa mchanga. Lemaiyan aliingia majini na nguo zake zote, akamshika Naisula mkono. Lekesio, kwa kuwa kazi ni kazi, akasema yote mbele ya wazee, hata kwamba bibi harusi aligeuka.

Mama mkwe akasogea, akamtazama Naisula, mkwe mwenye matope na bega wazi, kisha Letuya mwenye kiatu kimoja.

“Mwanangu,” alimwambia Naisula, “waombe wazee msamaha kidogo tu, tuendelee na ngoma.”

Lemaiyan hakuuachia mkono wake.

“Niligeuka, mama,” alisema Naisula. “Na mtu akizama nyuma yangu kesho, nitageuka tena. Msamaha siombi.”