Chupa Ilipasuka Kabla ya Mkono Wangu

Jumatano, mwezi wa saba. Ukungu na manyunyu tangu asubuhi, ile baridi yetu ya Julai isiyotoka hata ukiwasha jiko.

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili. Shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo mnivumilie. Haya nimeyaandika na kuyachana, nikijiuliza kama namwonea mtu...

Jicho langu la kushoto halioni. Mwaka jana, katika kiwanda cha juisi tulichofanyia kazi pale Thika, chupa ya glasi ilipasuka kwenye mashine ya kufunga vizibo, kipande kikaniingia. Aliyeendesha mashine hiyo ni mume wangu, Baba Shiru.

Hospitalini aliniambia nilipitisha mkono chini ya kinga ya plastiki inayofunika mashine, nikiokota chupa iliyolala. Mimi sikukumbuka hivyo. Lakini ningekumbuka nini, jambo lenyewe halikufika hata kupepesa jicho? Nikamwamini. Nikamwomba msamaha!

Kazini wakaniita Mama Haraka. Nyumbani, mtaa wa Landless, mtoto akivunja kikombe, Baba Shiru alimwambia amerithi mkono wa mamake. Nami nilicheka pamoja nao.

Chupa ziliendelea kupasuka. Kampuni ikamleta injinia, Jaspreet, msichana wa Kihindi mzaliwa wa pale pale Thika, na kamera inayopiga picha maelfu kwa maelfu ndani ya sekunde moja. Aliwasha taa kali mpaka macho yakatuuma, akatuambia tufanye kazi kama kila siku.

Baba Shiru akafanya kama kila siku kabisa.

Kinga ile ikiinuliwa, mashine hujizima. Kwa hivyo waendeshaji huiacha juu na kuifunga swichi yake kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, ili wakitoa chupa iliyokwama kazi isisimame. Wote hufanya hivyo, na wakubwa wakitaka katoni hakuna anayeuliza. Hilo lazima niliseme.

Picha tulionyeshwa kantini. Chupa moja, polepole sana... Kichwa cha mashine kikashuka. Ufa ukaanzia shingoni, ukatambaa kama mzizi, kisha glasi ikafunguka na vipande vikaruka nje pale kinga ilipoachwa juu. Mkono wa mtu haukuwepo. Haukuwepo kabisa!

Jaspreet akaonyesha kwa kidole. "Na hii tyubu ni ya nini?"

Jamaa mmoja nyuma akasema, "Hiyo ni dawa ya Baba Shiru." Wakacheka. Kisha wakaniona, wakageuza nyuso.

Lakini hiyo ilikuwa chupa nyingine, siku nyingine. Sikutaka kumhukumu mtu kwa hiyo. Tulipofika nyumbani nikamuuliza kama siku yangu pia swichi ilikuwa imefungwa. Akakubali.

"Na mkono wangu?"

"Mkono sikuuona, Mama Shiru. Ningesema nini? Nifutwe kazi, watoto wakule nini?"

Nikamuuliza mbona basi waliokuja kukagua hawakuikuta hiyo tyubu.

"Niliitoa kwanza. Ndio nikakuinua."

Wasomaji wenzangu... nilikuwa chini nikivuja damu, na yeye alikuwa akifungua fundo! Mikono hiyo hiyo ndiyo iliyonifunga kitambaa usoni. Mikono hiyo imenipakulia chakula mwaka mzima. Tangu siku hiyo akinigusa bega, mwili unanisisimka kama nimekanyaga konokono bila viatu. Je, nimezidisha? Sijui.

Nimehamia kwa dada yangu kule mjini Ruiru, pamoja na watoto. Kwa haki, Baba Shiru alikwenda ofisini mwenyewe akasema ukweli, akafutwa. Jina langu limesafishwa. Jicho halirudi.

Dada zangu, ndugu zangu, msikubali kosa ambalo nyinyi wenyewe hamkumbuki kulifanya, hata akiwaambia mtu mnayelala naye. Ulizeni. Na nyinyi mnaofunga hizo swichi, zifungueni leo, kabla mtu hajaanguka.

Jioni hii alikuja na kilo moja ya nyama, akaiacha mlangoni. Dada aliikaanga na nyanya, watoto wakala na chapati wakamaliza. Ilinukia vizuri, siwezi kudanganya. Mimi nilikula ugali na sukuma wiki.