Gari Lililopakwa Mafuta ya Nazi

Gari la Faraj lilioga kila Ijumaa asubuhi, kama waumini wengine wa mtaa ule. Faraj mwenyewe aliliogesha. Mara nyingine alilishughulikia mpaka akachelewa kuoga yeye.

Faraj ni fundi wa milango, Mji wa Kale, Mombasa. Huchonga maua na mistari kwenye mbao ngumu, na kazi yake yasifika. Gari lake ni jeupe, la zamani kidogo. Haliingii vichochoroni, kwa hiyo hulala kwenye uwanja mdogo hatua chache kutoka nyumbani. Uwanjani pana kisima cha maji ya chumvi. Pana kunguru pia, na kunguru wa Mombasa hawana adabu kabisa kwa mali ya mtu.

Ijumaa moja asubuhi mkewe, Mahfudha, alikaa kizingitini akichagua mchele huku akimtazama. Mahfudha ni mwanamke wa kuuliza. Ukimuuzia yai, atataka kujua na jina la kuku.

Faraj alivuta maji kisimani, ndoo baada ya ndoo. Akatia sabuni ya unga ya kufulia. Akachukua kumbi la nazi, akasugua boneti mpaka mavi ya kunguru yakatoka. Na rangi kidogo ikatoka pamoja nayo, ila hilo hakuliona.

"Baba Fadhiya," Mahfudha aliita, "kwani sabuni hiyo si ya nguo?"

"Sabuni ni sabuni, bibi."

"Na chupa hiyo uliyoitoa jikoni kwangu?"

"Mafuta ya nazi." Faraj alicheka. "Wajua mlango wa marehemu babu una miaka mingapi? Umepita mia, na bado wang'aa. Siri yake ni mafuta. Kinacholinda mlango kitalinda gari."

Akapaka mafuta dashibodi. Akapaka usukani. Akapaka viti, akapaka tairi. Akainama, akapaka na makanyagio: la breki, la klachi na la mafuta. "Nisibague," alisema.

Mwisho akaleta chetezo chenye kaa la moto, akatia udi, akafunga milango. Moshi ukajaa ndani. Alipofungua, gari lilinukia kama nyumba ya arusi. Liling'aa mpaka kunguru wenyewe wakasita kidogo.

Mwezi huo gari lilikuwa na kazi kubwa inayolingoja. Binti yao, Fadhiya, alikuwa mjamzito na siku zake zimekaribia. Mumewe ni baharia, na wakati huo alikuwa mbali kazini. Mkunga wa kliniki alimwambia Fadhiya: uchungu ukianza tu, njoo hospitali, usichelewe.

"Usiwe na shaka, mwanangu," Faraj alimwambia. "Gari li tayari."

*

Kesho yake Faraj na Mahfudha walikwenda soko la Marikiti kununua ndizi na malimau. Jua lilikuwa limewaelekea usoni.

"Mbona kioo kina ukungu?" Mahfudha aliuliza. "Mvua haiko, baridi haiko. Ukungu watoka wapi?"

"Ni jua tu hilo."

Mahfudha alipitisha kidole juu ya kioo kwa ndani. Kidole kikaacha mstari. Kikatoka na utando wa rangi ya chai, tena unanata.

"Baba Fadhiya, hebu tazama kidole..."

Hakumaliza. Mbele yao ulitokea mkokoteni umejaa mananasi. Faraj alikanyaga breki. Mguu ukateleza! Akakanyaga tena, ukateleza tena. Mara ya tatu breki ilishika, lakini gari lilikuwa limeshaubusu mkokoteni.

Hakuumia mtu. Waliopata ajali ni mananasi matatu.

Mwenye mkokoteni aliitwa Kadenge. Alishika kiuno, akamtazama Faraj juu mpaka chini.

"Mzee! Mkokoteni wangu hauna injini wala breki. Mbona mimi nasimama na wewe husimami?"

Watu wakacheka. Faraj aliomba radhi, uso wote umemshuka. Mahfudha hakucheka wala hakugomba. Alizunguka upande wa dereva, akainama, akagusa kanyagio la breki. Akanusa kidole.

"Nazi," alisema. "Bwana, hii ni breki au ni wali?"

Halafu akasimama wima, na sauti yake ikabadilika. "Sikiza. Kama tungekuwa na Fadhiya humu ndani leo? Mwanangu hapandi gari hili. Hapandi mpaka nijue lina nini."

Maneno hayo yalimuuma Faraj kuliko kicheko cha soko zima.

Kadenge naye alishaona kwamba mzee ameumia. "Hapo Makupa yuko mama mmoja huosha magari. Nekesa. Huyo magari ayajua. Mwendeeni." Akawapa maji na kipande cha sabuni. Faraj alisugua makanyagio na soli za viatu vyake mpaka vikakauka. Mahfudha aliyanunua yale mananasi matatu, na gari likaondoka polepole kama linasindikiza maiti.

*

Nekesa alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa buti za mpira. Kabla ya kufungua pahali pake Makupa, alifanya kazi miaka tisa kwenye yadi ya magari yanayoshushwa melini. Kazi yake ilikuwa kuyasafisha.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Mahfudha alijibu. "Nimekuja na maswali."

"Na mimi nilifikiri umekuja na gari."

Nekesa alilizunguka gari. Akafungua mlango, akanusa, akagusa usukani. Akajipangusa mkono kwenye aproni.

"Nani amekaanga hii gari?"

Faraj alijieleza: mlango wa babu, miaka mia, mafuta. Nekesa alimsikiliza hadi mwisho.

"Mzee, maneno yako ni kweli," alisema. "Lakini mlango hauna breki."

Mahfudha aliziba mdomo kwa buibui asionekane anavyocheka.

"Tena mbao hunywa mafuta," Nekesa aliendelea. "Ukipaka, yanaingia ndani. Plastiki hainywi. Chuma hakinywi. Mafuta yanabaki juu. Mguu unateleza, usukani unateleza, na vumbi lote la Makupa linakuja kukaa hapo."

"Na kioo?" Mahfudha aliuliza. "Kwa nini kina utando?"

"Mmechoma udi humu?"

"Kila Ijumaa."

"Moshi wa udi una mafuta yake. Unaganda kwenye kioo. Hamuoni kitu mpaka jua lipige mbele. Wakati huo ndio dereva anakuwa kipofu. Chomeni udi nyumbani, mama. Gari litanukia kwa nguo zenu."

Faraj akakumbuka mkokoteni wa Kadenge. Kweli, hakuuona mpaka ulipokuwa mbele yake.

"Basi ni mafuta na udi," alisema. "Kuosha je? Hapo sina kosa. Naliosha kila wiki."

"Kwa maji gani?"

"Ya kisima. Hata rejeta naitia hayo hayo. Chupa iko kwenye buti la gari, huko nyuma."

Nekesa alichukua kifuniko cheusi cha ndoo, akakiweka juani. Upande mmoja akadondosha maji ya ile chupa. Upande wa pili akadondosha maji ya bomba. "Ngojeni," alisema.

Walingoja. Mahfudha alichutama mbele ya kifuniko kama mtu anayengoja chapati. Jua la Makupa halina uvivu. Maji yakakauka. Upande wa bomba palibaki alama hafifu tu. Upande wa kisima palibaki duara jeupe.

Faraj aligusa lile duara kwa kidole, akaramba.

"Chumvi!"

"Hiyo ndiyo unayoiogeshea gari," Nekesa alisema. "Chumvi hula chuma. Njoo uone." Alifungua mlango wa nyuma, akaonyesha kwa chini. Rangi ilikuwa imefura kama upele. Alipobonyeza, kutu ikamwagika. "Na ndani ya rejeta kazi ni hiyo hiyo. Mwambie fundi aisafishe, atie dawa ya rejeta inayofaa gari lako. Na usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto. Itakuchoma uso."

"Na mikwaruzo hii?" Mahfudha alikuwa ameshafika kwenye boneti. Sasa aliona kila kitu.

"Hiyo umesugua na nini, mzee?"

Faraj alitazama malori yaliyokuwa yakipita barabarani. "Kumbi la nazi," alisema kwa sauti ndogo.

"Nazi tena!" Nekesa alipiga makofi. "Mzee, nazi imekukosea nini? Mavi ya kunguru yaloweshe. Weka kitambaa chenye maji dakika chache, halafu futa taratibu. Usiyaache yakae, yanakula rangi. Na sabuni ya unga ni kali. Inatoa nta inayolinda rangi, na chembe zake zinakwaruza. Nunua shampuu ya gari."

"Dukani chupa ni nyingi," Mahfudha alisema. "Zote zang'aa, zote zajisifu. Nitajuaje iliyo sawa?"

"Mama, usisome jina kubwa la mbele. Geuza chupa, soma maandishi madogo ya nyuma. Uliza: dawa hii imetengenezewa kitu gani? Na hairuhusiwi kugusa kitu gani?"

"Na ikimwingia mtu machoni?"

Nekesa alicheka. "Hilo pia. Na usichanganye dawa mbili katika ndoo moja. Zingine zikikutana hutoa hewa ya sumu."

*

Jioni hiyo walipita duka la vipuri. Mwenye duka aliwawekea mkebe mwekundu juu ya meza.

"Huu hapa, mzee. Hung'arisha dashibodi, usukani, viti, kila kitu. Ukipuliza tu, gari jipya!"

Faraj alinyoosha mkono. Mahfudha aliuwahi mkebe, akaugeuza. Alisoma pole pole, kidole kikifuata mstari.

"Hapa wasema usipulize kwenye usukani, makanyagio wala viti. Kwani huteleza."

Mwenye duka alichukua mkebe, akasoma yeye mwenyewe. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

"Ala! Kweli bwana."

Waliondoka na vitu vichache: shampuu ya gari, dawa ya kusafishia vioo, mkebe wa nta na vitambaa laini vya kupangusia gari. Faraj alikuwa kama mtoto aliyenyimwa peremende.

"Hakuna hata kimoja cha kung'arisha ndani," alinung'unika.

"Kipo. Kitambaa chenye maji kidogo, ukikamue vizuri."

Asubuhi ya pili walilisafisha upya, wote wawili, kivulini. Jua hukausha sabuni juu ya rangi, Nekesa aliwaambia hivyo. Hawakugusa kisima. Walitumia maji matamu waliyonunua kwa mitungi, na ndoo tatu zilitosha. Ndoo ya kwanza ilikuwa ya shampuu, iliyopimwa kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Ya pili ilikuwa ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye gari. Ya tatu ya kumalizia. Walianza juu kwenye paa wakashuka, tairi zikawa za mwisho, kwa kitambaa cha peke yake. Mahfudha alisafisha vioo kwa ndani, na kitambaa kikatoka cheusi. Wakasugua usukani na makanyagio kwa maji ya sabuni mpaka vidole havikuteleza tena. Gari lilipokauka, Faraj akapaka nta, juu ya rangi tu. Hapo mkono wa fundi wa milango ulijua kazi yake. Alisugua kwa duara ndogondogo, kwa subira, na Mahfudha hakuwa na la kuuliza.

Fundi wa magari alisafisha rejeta, akakwangua kutu ya mlangoni na kupaka hapo rangi ya kuzuia kutu. Baadaye Faraj alikwenda kulijaribu gari uwanjani. Akaenda, akafunga breki. Akaenda, akafunga breki. Mara kumi. Mahfudha alisimama pembeni akihesabu.

"Haya," alisema mwishowe. "Fadhiya atapanda."

*

Jumanne, baada ya swala ya alasiri, Fadhiya alishika ukuta.

"Mama. Imeanza."

Walimshika huku na huku mpaka uwanjani. Mahfudha alikaa nyuma na bintiye. Faraj akawasha gari. Barabara ilijaa, na jua la alasiri liliwapiga usoni. Safari hii kioo kilikuwa cheupe kama maji. Faraj aliona mbali: lori, punda, mama aliyebeba beseni.

"Baba, haraka," Fadhiya alilia.

"Haraka naijua, mwanangu. Naitaka na salama."

Ghafla tuktuk moja ilikata mbele yao bila ishara. Faraj alikanyaga. Mguu ulikaa pale pale ulipowekwa. Gari likasimama, na kati yake na tuktuk mtu angeweza kupita na kikapu. Mahfudha alitoa pumzi aliyokuwa ameizuia tangu nyumbani.

Dakika ishirini baadaye walikuwa mlangoni mwa hospitali. Kabla ya magharibi, muuguzi alitoka na habari: mtoto wa kike, na mama hajambo. Faraj alikaa kwenye benchi akalia, kisha akasingizia vumbi.

Siku walipomrudisha Fadhiya nyumbani, Faraj aliegesha gari uwanjani, akafungua mlango wa nyuma. Jirani mmoja alikuja kumpokea mtoto. Alimwombea dua, akampongeza mama. Halafu akaliangalia gari.

"Faraj, gari lako siku hizi halina ule mng'aro wake. Kuna nini?"

Faraj alikuwa amemshika mjukuu kwa mikono miwili. Hata hakugeuza shingo.

"Sikulinunua ling'ae, ndugu yangu. Nililinunua lifike."