Diski Mpya ya Shangazi

Kila siku baada ya masomo, Nukta alipita nyumbani kubadili sare, akatia chochote tumboni, kisha akaelekea kwenye karakana ya shangazi yake. Jina lake la shuleni lilikuwa refu kuliko yeye mwenyewe, ndiyo maana watu wakamwita Nukta. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Shangazi alikuwa fundi wa miguu ya bandia. Mtu aliyekatwa mguu akifika, Shangazi alizungusha kifaa kidogo chenye mwanga kwenye kigutu chake, na umbo lake likajichora kwenye kompyuta mstari kwa mstari. Kwa kufuata umbo hilo alichonga mguu unaomkaa mtu sawasawa. Umbo likipotea, kazi inarudi mwanzo.

Nukta alikuwa na kazi mbili: kufagia vumbi la plasta, na kuweka nakala ya maumbo yote kwenye diski ya nje, ile inayochomekwa kwa waya na kufungiwa kabatini baadaye.

"Nakala kamili inabeba kila kitu," Shangazi alikuwa amemweleza. "Nakala ya nyongeza inabeba kilichoongezeka au kubadilika tu tangu mara ya mwisho. Ni ya haraka, lakini peke yake haitoshi. Inategemea ile kamili."

Diski ilipojaa, Shangazi alileta mpya, kubwa zaidi. "Hii haina kitu ndani," alisema. "Leo chagua nakala kamili. Itachukua muda, kwa hiyo usiondoke."

Nukta akachagua. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa polepole kwenye kioo cha kompyuta. Nje, wenzake walikuwa wamekwisha gawana timu.

"Nukta, unakuja au tumchukue mwingine?" mmoja aliuliza dirishani.

Akautazama mstari. Ulikuwa haujafika hata robo. Akausimamisha, akachagua nyongeza, na kufumba na kufumbua kazi ikaisha.

"Umemaliza?" Shangazi aliuliza, huku akisugua goti la plastiki kwa msasa.

"Nimemaliza."

"Kamili?"

"Kamili, Shangazi."

Alicheza mpira jioni ile, lakini miguu ilikuwa mizito.

Baada ya hapo umeme ulianza visa. Taa zilififia na kuwaka zenyewe, na kompyuta ikawa inakoroma kama mtu mwenye kifua kibovu. Shangazi alikuwa akiacha msasa, anainamisha kichwa kuisikiliza, kisha anaendelea na kazi. Nukta naye alikuwa akisikiliza, na kila kompyuta ilipokoroma, alilitupia jicho kabati la diski.

"Nimeongeza diski nyingine ndani ya kompyuta," Shangazi alisema siku moja. "Ya kwanza imebanana. Maumbo ya watoto sasa nayaweka kwenye hiyo."

Siku hiyo alipima watoto tu, tangu asubuhi. Lakini Nukta alipoweka nakala, kioo kiliandika: Faili mpya, sifuri.

Nukta akakitolea macho. Inawezekanaje sifuri? Alitaka kuita, akajizuia. Shangazi akija, ataifungua diski, na akiifungua ataona kwamba haina nakala kamili. Nukta akafunga dirisha la programu, akaichomoa diski na kuitia kabatini.

Kesho yake wakapimwa watoto wengine, ikawa sifuri tena. Na siku iliyofuata.

"Kaka yako kaniomba ile diski ya zamani," Shangazi alisema Ijumaa. "Nimempa. Ataifuta, aweke filamu zake."

Usiku ule Nukta aliamka mara kadhaa, akamsikia kaka yake akikoroma chumba cha pili, asithubutu kumwamsha.

Jumamosi asubuhi umeme ulikatika. Uliporudi, ulirudi kwa kishindo: balbu ikapasuka, na nyuma ya kompyuta kukatoka harufu ya waya ulioungua. Wakati huo mvulana wa miaka saba alikuwa kitini na mama yake, akingoja mguu wake wa kwanza uchongwe. Walimwita Dereva, kwa sababu hakuacha kunguruma kama gari kila alipoendesha kiti chake cha magurudumu. Sasa alimkumbatia mama yake.

Fundi wa kompyuta alikuja, akafungua, akatikisa kichwa. "Diski zote mbili za ndani zimekufa. Mna nakala?"

"Ipo," Shangazi akajibu bila wasiwasi.

Fundi akachomeka diski mpya kwenye kompyuta yake. Akatazama orodha ya faili, akaishusha hadi chini, akaipandisha tena. "Mama, hapa kuna maumbo machache mno."

Shangazi akageuka. Hakupaza sauti. "Nukta?"

Hapo hakukuwa na pa kujificha. "Sikuweka nakala kamili," alisema. "Nilikudanganya. Yaliyobaki yako kwenye ile ya zamani, kwa kaka."

Walimpigia simu kaka. Haikupatikana. Nukta alitimua mbio hadi nyumbani, kifua kikimwaka, akamkuta bado kitandani.

"Diski umeifuta?"

"Diski gani? Ahaa. Nitaifuta leo leo, acha kunisumbua," kaka alisema, akajigeuza upande wa pili.

Diski ilikuwa chini ya lundo la nguo chafu. Kwa mara ya kwanza, Nukta alishukuru kwamba kaka yake ni mvivu.

Fundi alirudisha kwanza nakala ya diski ya zamani, kisha akaongeza nyongeza za ile mpya. Maumbo ya watu wazima yakatokea yote. Ya watoto waliopimwa wiki ile hayakuwepo popote.

"Programu inajua diski moja tu ya ndani," fundi alisema. "Ukiongeza nyingine, lazima uichague nayo. Isipochaguliwa, haiigusi."

"Hilo ni kosa langu," Shangazi akasema. "Niliongeza diski, nikasahau. Lakini Nukta, wewe uliiona sifuri." Akaelekeza macho kwa Dereva. "Mwambie."

Nukta akapiga magoti mbele ya kiti. "Mguu wako hautachongwa leo. Lazima upimwe tena. Mimi ndiye niliyekosea."

Mama wa mtoto akafumba macho kidogo. Walikuwa wametoka mbali. Dereva akakitazama kile kifaa chenye mwanga.

"Hicho kifaa kinatekenya," alisema. "Nishike vizuri nisicheke."

Nukta alimshika mabega mpaka mwisho. Watoto wengine wakaitwa tena, mmoja mmoja, na kila mmoja Nukta alimweleza mwenyewe.

Kompyuta ilipotengenezwa, alichagua diski zote mbili za ndani, akaanzisha nakala kamili, akakaa papo hapo mpaka mstari ukafika mwisho.

"Tayari, Shangazi."

"Bado si tayari. Fungua umbo mojawapo nione."

Nukta akafungua umbo la Dereva kutoka kwenye diski ya nje. Likajichora, mstari kwa mstari.

"Sasa ndiyo tayari," Shangazi alisema, akavuta kiti karibu yake. "Sikiliza, mwanangu. Kubonyeza kitufe si kuhifadhi. Kila diski inapobadilika, au mahali pa kuweka faili panapobadilika, anza upya na nakala kamili, kisha ufungue uhakikishe. Na ukikosea, niambie siku ile ile. Ungeniambia jioni ya kwanza, tungepoteza saa moja ya mchezo wako. Uliponyamaza hadi kwenye ile sifuri, ulimcheleweshea mguu mtoto ambaye hajawahi kucheza mpira."