Mgono Uliooga Mpaka Ukaota Ukungu

Mimi ni fundi cherehani. Ninashonea sebuleni, karibu na dirisha. Nyuma yangu kuna mlango wa stoo.

Kila Jumamosi mama mkwe wangu aliingia stoo na ndoo ya maji. Alikwenda kuulowesha mgono wa marehemu mumewe. Mgono ni mtego wa samaki wa mtoni. Husukwa kwa fito, mdomo mpana, mkia mwembamba. Samaki akishaingia, kutoka ni kazi.

"Mama," nilimtania, "huyo bwana wako anaoga kuliko mwanao!"

"Mwanangu nimeshakuachia wewe," akajibu. "Mwogeshe mwenyewe."

Tulicheka. Lakini stoo ilianza kunuka. Mgono ukaota ukungu, mweupe kwanza, kisha mweusi. Siku moja mama mkwe aliushika mkiani, fito mbili zikamkatikia mkononi. Akaketi sakafuni, akalia.

"Mto tuliuacha. Nyumba tuliiacha. Kazi ya mikono yake iliyobaki ni hii tu. Na hii nayo inaniozea!"

Moyo uliniuma. Mume wangu, kwa haraka zake, akaleta kopo la vanishi na brashi.

"Usilie, mama. Nitaupaka, utang'aa kama meza mpya."

Mara tukasikia hodi. Alikuwa jirani yetu. Yeye hutunza vifaa katika makumbusho ya mto, mahali wanapohifadhi mitumbwi, makasia na mitego ya wavuvi. Alifuata sketi yake niliyomshonea. Alipoliona lile kopo, sketi akaisahau.

"Shemeji, weka chini hiyo brashi! Ukipaka sasa, unafungia unyevu ndani. Utaoza huku unang'aa."

Akamwamkia mama mkwe, akachuchumaa kando yake.

"Mama, kwa nini unaulowesha?"

"Marehemu alifanya hivyo. Ukikauka, fito zinakuwa ngumu, zinavunjika akiutega. Kwa hiyo aliulowesha kila mara."

"Alifanya vizuri kabisa," jirani alisema. "Mgono wa kazini unataka maji ili ulainike. Lakini huu umestaafu, mama. Unaulowesha, halafu unaufungia humu ndani. Hakuna hewa. Ukungu utake nini tena?"

"Ala! Kumbe ni mimi ninayeuozesha?"

"Ulikuwa unautunza kama ulivyomwona yeye akiutunza. Bado hatujachelewa. Njoo tuutoe."

Mume wangu akaubeba kuelekea juani. Jirani akamzuia tena.

"Jua kali litaupasua. Weka kivulini, penye upepo. Ukauke taratibu."

Ulipokauka, jirani alirudi na barakoa na brashi laini. Tukafanya kazi nje, kwa sababu vumbi la ukungu hudhuru kifua. Mama mkwe alisugua polepole, kuanzia mdomoni hadi mkiani. Hatukutumia maji, sabuni wala mafuta. Zile fito mbili tulizifunga kwa uzi laini, hatukuweka mpya. Stoo nayo tuliifungulia madirisha. Mgono ukakaa juu ya rafu, mbali na ukuta, bila kufunikwa kwa plastiki.

Harufu ikaisha. Ukungu haukurudi. Mama mkwe alikuwa akienda kuunusa kila asubuhi, anatoka anatabasamu.

Ndipo akasema mwenyewe, "Nataka watu wauone. Mpelekeeni jirani."

Siku ulipowekwa makumbusho, mvua ilinyesha. Mgeni mmoja akainama kuutazama, koti lake likichuruzika maji.

"Wewe baba!" mama mkwe akapiga kelele. "Rudi nyuma na koti lako! Huo hautaki maji tena!"

Mgeni aliruka nusura aangushe kofia. Ukumbi mzima ukacheka, na yeye akacheka. Akavua koti, akauliza mgono unasukwaje. Loo, aliuliza mwenyewe! Mama mkwe alimweleza fito zinavyochaguliwa, mumewe alivyozikunja kwa goti, na nyimbo alizoimba kwa sauti mbaya. Watu wakasogea, wakasikiliza mpaka mvua ikakatika.

Tulipokuwa tunaondoka, mama mkwe alimshika jirani mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Asante, mwanangu. Asante sana. Nilidhani namzika mara ya pili."