Mkono Kwenye Picha ya Kichwa

Msiponiamini shauri yenu. Hii hamtaipata kwa mwingine hata mkimlipa.

Chumba cha CT scan kilinuka nywele zilizoungua kabla mashine haijawashwa. Fundi wake, mnene mmoja waliyemwita Komeo kwa ukali wake wa mlango, alinusa, akapiga chafya, akadhani ni waya. Akamlaza mtoto wa kike aliyeanguka kwenye ngazi akavimba kichwa. Daktari wa upasuaji alikuwa anasubiri picha, ajue pa kupasua.

"Wote nje. Mionzi haina undugu, anabaki mgonjwa tu."

Mama mtu akasimama na Komeo nyuma ya kioo. Mashine ikavuma. Picha ikatokea: fuvu la mtoto, na juu yake mifupa ya mkono, vidole virefu kupita kiasi, imeziba palepale palipovimba.

"Dada, ulirudi ndani?"

"Nirudi saa ngapi, kaka? Si nimekukanyaga hapa."

Komeo akatazama chini. Kweli, alikuwa amekanyagwa.

"Piga nyingine," mama akanong'ona.

"Mtoto hapigwi picha kama bibi harusi. Kila moja inamwongezea mionzi. Narudia mara moja tu."

Akarudia. Mkono haukubanduka. Kwenye spika kikasikika kisauti: "Mama, mwambie huyu naye atoke. Ana baridi."

Komeo akapiga hesabu. Kupiga tena ni kumuumiza mtoto, kuacha ni kumzika.

"Nipe lile joho la risasi pale ukutani, la kuzuia mionzi," mama akasema. "Nitamshika mwenyewe."

"Una mimba?"

"Sina."

Akamvika joho, zito kama gunia la saruji. Mama akaingia, akamshika mwanawe mashavu, akasema polepole, "Mwache. Njoo kwangu," na taa nyekundu ikawaka, harufu ikapenya hadi nyuma ya kioo, na Komeo, ambaye hafungui mlango ule taa ikiwaka, akabaki kutazama joho likituna mgongoni kidogo kidogo, kama kuna mtu anajipenyeza kwa nyuma, likatuna, likatuna, mpaka mashine ikanyamaza.

Picha ikatoka safi. Mtoto akakimbizwa upasuaji.

Mama alitaka kumfuata, miguu ikagoma. Alikuwa amepinda, kidevu kifuani.

"Kaka, nivue hili joho. Linanivunja."

Komeo akatazama ukutani. Joho lilikuwa kwenye msumari wake, alishalitundika.

"Nimeshakuvua, dada."

Mama akajipapasa mgongoni. "Sasa nani ananipumulia shingoni?"