Tochi Iliyozimika Kwenye Chumba cha Pamba

Kashindye alikuwa mkulima wa pamba katika kijiji kimoja nje ya mji wa Bariadi. Aliishi na mumewe Bundala, binti yao Flora, na mama mkwe wake, bibi Esteria.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba vinne. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa sita, chumba kimoja kilikuwa cha pamba. Walikijaza mpaka karibu na bati. Hakikuwa na dirisha, kwa kuogopa wezi. Hata mchana kilikuwa giza tupu.

Kazi ya kuchambua pamba ilikuwa ya bibi Esteria. Pamba safi aliweka huku, fifi, yaani ile chafu, aliweka kule. Alikuwa mzee, lakini mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya Flora.

"Pamba chafu ni aibu ya nyumba nzima," alizoea kusema.

Miaka hiyo biashara ilikuwa huria. Wanunuzi wa pamba walikuwa wengi, kila mmoja na mizani yake. Maduka na magulio yalijaa bidhaa kutoka nje. Nyingine zilikuwa nzuri, nyingine zilikuwa za kuchezea watoto. Siku moja gulioni, Kashindye aliona tochi zimemwagwa juu ya turubai, nyekundu, bluu na kijani.

"Hii ina taa ishirini na moja, mama," muuzaji alisema. "Ni LED hizo, haziungui. Utazeeka wewe, yenyewe inawaka tu."

Aliiwasha palepale juani. Mwanga unafika wapi, Kashindye hakuweza kujua. Lakini vitaa vilimeta vizuri. Akanunua.

Siku ya nne tochi ilianza kufifia. Ukiipiga kiganjani, inawaka. Ukiiinamisha, inazimika. Bundala alitia betri mpya. Ikawaka siku mbili, kisha ikarudia mchezo wake.

Ikafika siku ambayo mnunuzi alituma habari. Lori lingekuja kesho yake asubuhi. Jioni hiyo, jua likiwa bado halijazama, walikuwa wakijaza pamba kwenye magunia. Tochi ikazimika. Kashindye aliipiga, akaitikisa. Kimya.

Akaenda jikoni, akaiacha tochi huko, akaleta koroboi yenye utambi wazi. Akaiweka juu ya debe lililopinduliwa, karibu na mlango.

"Niachie tu, mwanangu," bibi Esteria alisema. "Nitaiangalia."

Bundala akatoka na gunia begani, Kashindye akamfuata kumsaidia kulishusha. Walipokuwa uani walisikia kishindo, kisha sauti ya bibi. Gunia lililoegemezwa ukutani lilikuwa limeteleza na kuangusha debe pamoja na koroboi. Moto wa pamba haungoji mtu. Walipogeuka, mlango wote ulikuwa mwekundu.

Bundala aliingia. Akamtoa mama yake, lakini alikuwa ameungua vibaya, kifua na mikono.

Bibi Esteria aliishi siku tatu hospitalini. Siku ya pili aliuliza, "Lori limekuja? Pamba imepimwa?" Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba hakuna pamba. Siku ya tatu alfajiri akafariki.

Baada ya mazishi nyumba ilikuwa kama haina watu. Bundala alikula, alilala, alikwenda kwa ng'ombe, lakini hakuzungumza. Majirani walizungumza. Kashindye aliwasikia kisimani. "Mkwewe ndiye aliyeweka koroboi." Aliona wanasema kweli.

Ulipopita mwezi, alichukua ile tochi akaenda mjini kwa fundi redio. Jina lake Shija.

"Mwangaluka, mayu," Shija alimwamkia kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama. "Nikutengenezee?"

"Hapana, fundi. Sitaki uitengeneze. Nataka kujua kwa nini ilizimika."

Akamweleza yote. Shija akaifungua tochi juu ya meza.

"Tazama hii springi," alisema. "Nyembamba kama unywele, tena ina kutu. Haikamati betri vizuri. Ukitikisa tochi, umeme unakatika. Na hapa kwenye swichi, bati lake ni laini, limeshapinda."

"Lakini ilikuwa na taa ishirini na moja."

"Wengi wanadanganywa na hizo taa, mayu. Usihesabu taa. Taa moja ya LED iliyo nzuri inashinda ishirini mbovu. Pima mwanga, na usiupime juani. Mwombe mwenye duka akuonyeshe kona yenye giza."

"Akikataa?"

"Ondoka. Anayekataa kujaribu anajua anachouza."

Shija aliendelea taratibu, na Kashindye alisikiliza kila neno. Iwashe, uitikise kwa nguvu. Ikipepesa macho, iache. Bonyeza swichi mara nyingi, siyo mara moja. Ifungue, uone springi nene isiyo na kutu. Soma jina la tochi herufi kwa herufi, maana waghushi hubadilisha herufi moja tu. Nunua kwa mtu mwenye duka, utakayemkuta hata kesho. Dai risiti.

"Na betri pia zinaghushiwa," Shija alisema. "Tazama tarehe ya mwisho. Usichanganye mpya na ya zamani. Kama tochi haitatumika muda mrefu, zitoe, zisije zikavuja ndani."

Kashindye alikuwa analia. "Kumbe ningejua haya."

"Mayu, nikuambie na hili. Hata tochi nzuri huzimika siku moja. Ikizimika, tokeni nje, kazi isubiri. Koroboi haiingii kwenye pamba. Wala mshumaa, wala sigara."

Siku hiyohiyo Kashindye alizunguka maduka ya Bariadi. Duka la kwanza, muuzaji alisema, "Hapa hatujaribu. Kajaribie nyumbani." Akaondoka. Duka la pili, tochi ilipepesa alipoitikisa. Akairudisha.

Duka la tatu lilikuwa la dada mmoja, Winnie. Alimfungulia stoo ya nyuma, yenye giza. Kashindye aliwasha tochi ya taa moja. Mwanga ulifika ukuta wa mwisho, na maandishi ya kwenye maboksi yakasomeka. Akaitikisa, haikupepesa. Akaifungua, akaitazama springi, akasoma jina polepole kwa kidole.

"Mama, umefundishwa na nani?" Winnie aliuliza.

"Na msiba," Kashindye alijibu.

Bei ilikuwa kubwa kuliko ile ya gulioni. Alilipa. Winnie akamwandikia risiti, na chini yake akaandika: ikiharibika ndani ya miezi mitatu, irudishwe.

Msimu uliofuata chumba kilijengwa upya. Safari hii Bundala alitoboa dirisha, akaweka nondo. Tochi haikuzimika hata mara moja. Pamba yote ilitoka, ikapimwa.

Jioni ya siku pamba ilipopimwa, Bundala alimpa mkewe tochi mkononi. Hakuiachia.

"Mama Flora," alisema. "Siku ile niliiona koroboi. Nilipita karibu yake nikiwa na gunia begani. Nikajua ni hatari, nikanyamaza, kwa sababu lori lilikuwa linakuja. Watu wanakusema wewe peke yako, na mimi nimewaacha wakuseme."

Kashindye alikaa chini mlangoni.

Kesho yake Bundala alipita kwa majirani, nyumba hadi nyumba. Kila mahali alisema kwanza kosa lake. Kisha aliwaeleza namna ya kukagua tochi dukani. Tangu hapo hakuna nyumba kitongojini mwao iliyoingiza koroboi kwenye pamba.